Siku Sita Kwenye Kiti cha Nyuma

Fundi Saa alikuwa na umri wa miaka sitini na minne, na kwa miaka saba macho yake yalikuwa hayatofautishi ila mwanga na giza. Presha ya macho ilimla kidogo kidogo, jicho la kushoto likitangulia, huku yeye akiendelea kukaa kwenye kibanda chake cha vioo chini ya ngazi za jengo la benki, lenzi jichoni, koleo ndogo mkononi, akijifanya hajambo. Wateja hawakujua. Kazi aliifanya kwa kupapasa kuliko kwa kutazama, mpaka siku aliporudisha saa ya mama mmoja, na yule mama akamwambia kwa upole, "Fundi, mbona mshale wa saa umeuweka mahali pa mshale wa dakika?" Fundi Saa aliifungua, akairekebisha, hakutoza kitu, na jioni ile akafunga kibanda na kumkabidhi mlinzi ufunguo.

Alikuwa mjane wa siku nyingi, na mtoto wake alikuwa mmoja tu: fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mtu wa maneno mengi na mikono yenye makovu ya cheche. Huyo ndiye aliyekataa kumwona baba yake akiota mizizi kitini. Alinunua baiskeli mbili kuukuu, akazikata, akaziunga zikawa moja ndefu, viti viwili, pedeli jozi mbili, mnyororo mrefu kama shida.

"Mimi mbele na usukani," alimwambia, "wewe nyuma. Kazi zako ni mbili, Baba: kupiga pedeli na kulalamika."

"Kulalamika nitaweza," Fundi Saa akajibu. "Pedeli tutaona."

Aliweza vyote viwili. Chama cha waendesha baiskeli cha mji ule kiliandaa kila mwaka safari ya siku sita, kilomita mia tano na arobaini. Watu themanini hivi walitoka pamoja alfajiri. Lori lilibeba mahema na mabegi, kila kilomita thelathini palikuwa na meza ya maji na ndizi, fundi na muuguzi walizunguka na pikipiki, na nyuma ya wote ilikuja pikapu iliyofungwa ufagio mbele, kazi yake kuwazoa walioshindwa. Dereva wake naye waliishia kumwita Ufagio, na kumpandia garini ilikuwa ndiyo aibu ya mwaka. Baba na mwana walikwenda mara nne, na mara nne hawakumpandia. Njia nzima mwana alikuwa akisimulia. Kushoto shule, watoto mstarini. Kulia ng'ombe watatu, wa katikati kafanana na mjomba. Fundi Saa alipiga pedeli akiangalia picha hizo kichwani, na akirudi nyumbani alizungumza kama mtu aliyeona.

Kisha mwana akashikwa na homa Jumatatu, akalazwa Jumanne, na Alhamisi wakamzika. Hivyo tu. Watu walikuja, wakasema mapenzi ya Mungu, wakaondoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu hakuusema. Baiskeli ndefu ilitundikwa kwenye ukuta wa ukumbi, na kila alipopita pale alijibana upande wa pili ili bega lake lisiiguse.

Nyumbani walibaki watatu: yeye, mke wa marehemu, na mjukuu wa miaka mitano ambaye kwa kuongea bila kituo aliitwa Kasuku. Mkwewe, Mama Kasuku, alikuwa anashona sare za shule kwenye karakana moja ya mjini. Alikuwa mwanamke mkimya, mrefu, mwenye adabu iliyopitiliza. Alimwandalia baba mkwe chakula, akamwambia kilipo nini kwenye sahani kwa mpangilio wa saa, wali saa sita, mboga saa tisa, akajiondoa. Miaka tisa walikaa nyumba moja, na maneno yao yote ungeweza kuyatia kwenye kikombe.

Mwaka mmoja na nusu baada ya msiba, Kepteni wa chama alipiga simu kusema amepatikana mtu wa kujitolea kukaa kiti cha mbele.

"Siendeshwi na mtu nisiyemjua," Fundi Saa alisema, akakata simu.

Mkwewe alikuwa anapanga vyombo. Aliweka sahani chini, kisha akasema, "Nitakuendesha mimi, Baba."

"Wewe? Umewahi kupanda baiskeli?"

"Utotoni."

"Utoto wako na mlima wa kilomita kumi na nne vina undugu gani?"

"Miguu ninayo," alisema. "Kutwa nzima ipo kwenye cherehani."

Alitaka kukataa, lakini Kasuku aliyekuwa chini ya meza alishaanza kuimba kwamba babu anakwenda na mama, na lililotoka kinywani mwa Kasuku lilikuwa limetangazwa mtaa mzima. Kwa Jumapili kumi walifanya mazoezi kwenye barabara ya nyuma ya maghala. Siku ya kuondoka, dada yake Fundi Saa alikuja kukaa na mtoto, nao wakatoka na wenzao kabla jua halijachomoza.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kuumizana. Mama Kasuku alikuwa na nguvu kweli, ila hakuwa na sauti. Mashimo yalimfikia Fundi Saa uti wa mgongo bila taarifa.

"Mama Kasuku, nikijua shimo linakuja, mgongo unajiandaa."

"Sawa, Baba."

Kilomita mbili mbele wakaruka tena, kisha ndipo sauti ndogo ikatoka: "Shimo."

"Hilo nimeshatambulishwa," alisema kwa ukali.

Baada ya hapo hawakusema. Fundi Saa alisikia pumzi za mkwewe, tairi likinong'ona kwenye lami, watu wakiwapita na kusalimia. Mbele yake hapakuwa na shule wala ng'ombe. Mahali pale pale alipokuwa akionyeshwa dunia, sasa alikaa kama kwenye chumba kisicho na dirisha. Kwa mara ya kwanza tangu maziko alihisi mwanawe amekufa kweli.

Siku ya pili mvua iliwakuta kwenye teremko. Kwenye kona palikuwa na tope lililoshushwa na maji, na baiskeli ndefu haigeuki haraka. Walianguka. Fundi Saa alitua kwa goti, mkwewe kwa kiwiko, na mnyororo ukakatika. Fundi wa chama alikuwa mbele kilomita ishirini. Pikapu ikafika, Ufagio akashusha kioo.

"Mzee, ndani kuna joto na blanketi. Leo hakuna wa kukucheka, wote wanalia huko mbele."

"Subiri kidogo. Mama Kasuku, nipe ncha mbili za mnyororo. Na kile kifaa kwenye mfuko chini ya kiti."

Alichuchumaa kwenye tope. Vidole vilivyozoea parafujo ndogo kuliko punje ya mchele vilipita pingili moja moja mpaka vikakuta iliyovunjika. Aliitoa, akaunga ncha, akasukuma kipini mahali pake, akazungusha pedeli, akasikiliza, akarudisha kipini nyuma kidogo sana, akazungusha tena. Mkwewe alikuwa amemkingia mvua kwa koti lake mwenyewe.

"Alikuwa akisema mikono yako inaona," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja marehemu mbele yake. Fundi Saa alifuta mikono kwenye suruali. Alipopanda kiti cha nyuma aliuliza, "Kiwiko?" naye akasema, "Kipo."

Siku ya tatu ikawa nyingine kabisa. Barabara ilinyooka, upepo ukawasukuma mgongoni, na miguu yao minne ikapatana. Mama Kasuku akaanza kusimulia, kwa njia yake. Hakuwa na ng'ombe wanaofanana na wajomba. Alisema shamba limelimwa kama kitambaa cha mashati, mstari wa kijani, mstari wa kahawia. Akasema anga limefifia kama sare iliyofuliwa sana. Akasema mwanamke aliyesimama mlangoni amevaa gauni ambalo mshonaji wake alikosea mkono wa kushoto. Fundi Saa alicheka. Alijiambia kwamba labda mwakani watakuja tena, na mwaka unaofuata.

Saa kumi walifika shuleni walipowekewa kambi. Alijinyoosha kwenye godoro darasani, chini ya dirisha, goti likiwa limefungwa bendeji. Nje ya dirisha hilo mkwewe alikuwa anaongea na simu, na sauti yake ilikuwa laini, si ile ya nyumbani.

"Hapana, sijamwambia," alisema. "Nitamwambiaje? Mtu kampoteza mwanawe, nami nimwambie naondoka?" Akanyamaza, akisikiliza. "Najua umesubiri. Nami nimesubiri. Haya. Na wewe kula vizuri, usile mikate tu." Akacheka.

Kicheko kile Fundi Saa alikuwa hajakisikia mwaka mmoja na nusu. Alilala akiangalia juu kwa macho yasiyoona kitu. Alipoletewa chai alisema haitaki.

Siku ya nne ndiyo ya mlima. Kilomita kumi na nne za kupanda, kona juu ya kona, waendeshaji wameupa jina la Ngazi. Asubuhi Mama Kasuku aliuliza, "Baba, umelala vizuri?" Akajibu, "Nimelala." Wakaanza.

Kona ya kwanza alipiga pedeli. Kona ya pili akaacha.

Hakuondoa miguu. Pedeli za baiskeli ile zilifungwa pamoja, za mbele zikizunguka na za nyuma huzunguka, kwa hiyo miguu yake ilipanda na kushuka kama ya mtu anayefanya kazi, ila haikukandamiza kitu. Mkwewe alikuwa akivuta chuma chote, na yeye mwenyewe, na kilo sabini na sita za mzee, peke yake. Hakulipanga. Ukimuuliza hata leo atakwambia hakuwaza neno lolote. Ni miguu iliyokataa, naye akaiachia. Lakini chini ya moyo, mahali ambapo mtu hapendi kuchungulia, palikuwa na sauti iliyosema: anataka kuondoka? Basi kwanza ajue uzito wa anachotaka kukitua.

Kilomita ya tatu Kepteni aliwapita. "Mama Kasuku, mko sawa?"

"Tuko sawa."

Kilomita ya sita aliuliza, "Baba, unataka maji?" Hakutaka. Kilomita ya nane baiskeli ilipungua mwendo hadi ikayumba, na nyuma yao Ufagio akapiga honi kidogo. "Mama, hakuna aibu," alisema kupitia dirishani.

"Bado," akajibu, na neno lenyewe lilitoka vipande.

Jua lilikuwa limepanda. Fundi Saa alisikia pumzi za mkwewe zikibadilika, zikawa fupi, zikawa na mkwaruzo, kisha zikaanza kukatika kama uzi mbovu. Jasho lake lilirushwa na upepo likamwangukia mzee mkononi. Mkwewe hakulalamika. Hakuuliza. Mzee alingoja aulize, alitamani aulize, ili naye apate la kusema. Lakini mwanamke yule alisukuma tu, kona baada ya kona, na kadiri alivyosukuma ndivyo hasira ya mzee ilivyokosa pa kushika, mpaka ikabaki aibu tupu. Alimkumbuka mkwewe huyu hospitalini, siku zile mbili, akisimama kando ya kitanda kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, na kiti hicho alikaa yeye.

Zilipobaki kilomita tatu, alikandamiza. Baiskeli ikaruka mbele kama iliyofunguliwa kamba. Bila kugeuka mkwewe akasema, "Asante, Baba."

Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Kileleni palikuwa na meza ya maji na watu wakipiga makofi. Mama Kasuku alishuka, akakaa kwenye lami na kutapika. Fundi Saa alisimama ameshika baiskeli, akisikia yote. Muuguzi alimwinua mkwewe, akamkalisha kivulini ubavuni mwa lori, akampa maji yenye chumvi na sukari. Mzee akaomba apelekwe alipo. Ufagio alimshika mkono, akamfikisha, akajitenga bila kuambiwa.

"Mama Kasuku. Kuanzia kona ya pili nilikuwa sipigi."

"Najua, Baba."

"Umejuaje?"

"Miaka yote hii nakanyaga cherehani. Nautambua mguu unaofanya kazi na mguu unaosindikiza."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe ni baba yangu."

Mzee alikaa chini kando yake, goti likimuuma. "Jana nilikusikia. Dirishani."

Alimsikia akivuta pumzi na kuishikilia. Halafu akaanza kusema, polepole, kama anayefumua mshono asichane kitambaa. Anayetaka kumwoa ni mtu wa stoo ya vitambaa pale karakana. Amefiwa na mke, ana kijana wa sekondari. Mwaka mzima hakumgusa hata mkono. Aliongea naye tu, wakati wa kupokea majora. Mama Kasuku amemwambia angoje mpaka safari hii iishe.

"Nilidhani nikikufikisha salama mpaka mwisho, nitapata mdomo wa kukwambia," alisema. "Sikutaka ulisikie kwa watu."

"Nimelisikia kwa dirisha."

"Ndiyo, Baba."

Waendeshaji walikuwa wakianza kuteremka upande wa pili, wakiitana. Fundi Saa alipapasa chini, akaokota kijiwe, akakizungusha vidoleni.

"Ni mtu?" aliuliza.

"Ni mtu."

"Anaongea?"

"Kidogo sana."

"Afadhali. Aliyetangulia aliongea hadi zamu yako."

Mkwewe alicheka, na kicheko hakikufika mbali, kikageuka kilio. Alilia bila kujificha, kana kwamba hakuwa amelia kwenye msiba wenyewe, na labda hakuwa amelia. Siku zile alikuwa na wageni wa kupikia. Mzee naye machozi yalimtoka. Macho yale yalikuwa yamepoteza kila kitu, ila kazi hiyo yaliijua bado.

"Sikudanganyi," alisema baadaye. "Sijafurahi. Nikisema nimefurahi nitakuwa mwongo."

"Sikukuomba ufurahi."

"Lakini sitakuzuia. Wewe ulikuja kwangu na mwanangu, na mwanangu hayupo. Kukushika ni kukuonea. Na leo nimeshakuonea vya kutosha."

"Kasuku atakuja kwako kila Jumamosi."

"Jumamosi na Jumapili," alisema mzee, na mkwewe akasema sawa.

Siku ya tano Mama Kasuku aliamka magoti yamevimba. Alijifunga vitambaa, akasema ataweza. Fundi Saa alikwenda mwenyewe, akipapasa ukuta wa shule walimolala, mpaka akasikia injini ya pikapu, akagonga bati. "Ufagio, leo una abiria wawili."

"Wewe, Mzee?"

"Mimi."

Waliipakia baiskeli nyuma, wakakaa mbele watatu, wakabebwa kilomita arobaini na mbili hadi kituo cha mchana. Watu waliokuwa barabarani waliwaona. Hakuna aliyecheka. Mchana walipanda tena, taratibu, na siku ya sita wakaingia mjini wa tatu kutoka mwisho, Kasuku akiwa begani kwa shangazi wa baba yake, akiwatangaza kwa kila aliyekuwa na masikio. Kepteni alipotaka kuwapa medali ya njia nzima, Fundi Saa aliisukuma nyuma kwa kiganja.

"Andika tulibebwa arobaini na mbili," alisema. "Na kwenye Ngazi, huyu alipanda peke yake."

Kepteni alidhani ni utani wa mzee, akaandika la kwanza tu.

Miezi miwili baadaye mtu wa stoo alikuja kujitambulisha. Alikaa kitini, akanywa chai, akasema maneno yasiyozidi ishirini. Walipoagana Fundi Saa alimshika mkono muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Ulikuwa mkono mkavu, wenye vumbi laini la pamba, haukutetemeka. Wakaoana bila shamrashamra, wakahamia upande wa pili wa mji.

Nyumba ilikuwa nzito baada ya hapo, tusijidanganye. Mara nyingi Fundi Saa alipokaa mezani aliuliza wali uko saa ngapi, kisha akakumbuka. Dada yake alihamia kwake. Dada huyo aliongea tangu kuamka mpaka kulala, na alipanga chakula alivyojisikia, siku moja chumvi ikakaa kwenye kopo la sukari. Waligombana kila siku, na ugomvi ule ulimsaidia kuliko pole za watu. Mwaka uliofuata alikubali kuendeshwa na yule wa kujitolea, mwalimu wa jiografia, aliyemweleza kila jiwe na umri wake. Siku ya tatu Fundi Saa alimwomba apumzishe mdomo kidogo.

Kasuku alikuja Jumamosi na Jumapili kama ilivyoahidiwa. Mara moja, akiwa darasa la pili, alimwuliza babu yake kwa nini mama alitapika mlimani, maana Ufagio alikuwa amemsimulia.

"Mlima ulikuwa mkali," Fundi Saa alisema. "Na mimi nilikuwa mzito."